Kadi ya mtandao ikigoma, usikimbilie kununua nyingine

KUNA ugonjwa mmoja wa kompyuta ambao huwatia wazazi na wanafunzi hofu kuliko mengine. Mashine inawaka vizuri, inaandika vizuri, inacheza nyimbo vizuri, lakini inakataa katakata kuingia katika mtandao.

Chukua mfano wa mzazi wa Umoja au Buruburu ambaye mwanawe amepata nafasi ya chuo kikuu. Mzazi huyu amejinyima kwa miezi kadhaa, akaenda Luthuli Avenue na kununua kompyuta ya mapajani iliyokwisha kutumika ng'ambo. Kijana, kwa kuwa hana pesa za programu za kulipia, ameweka Linux ambayo hutolewa bure. Sasa anataka kujaza maombi ya mkopo wa HELB, na siku zinayoyoma. Anabonyeza hapa, anabonyeza pale, waifai haionekani. Anaipeleka kwa fundi, fundi anaitazama kwa dakika mbili na kutoa hukumu: "Kadi imekufa. Leta pesa ya kadi mpya, na hiyo Linux tuitoe."

Huenda fundi huyo anasema kweli. Lakini mara nyingi kadi haijafa. Imelala tu, au imefungwa, au inangoja faili moja ndogo ambayo hakuna aliyeipa. Leo basi tutaifuata njia ya kuutafuta ugonjwa huu hatua kwa hatua, ili kabla ya pesa kutoka mfukoni ujue unalipia nini.

Kwanza nikupe tahadhari moja. Ikiwa maombi ya mtoto yanafungwa usiku wa leo, usianze kuitengeneza kompyuta leo. Jaza fomu kwa simu au nenda cyber iliyo karibu, uitume, uhifadhi nambari ya uthibitisho, kisha kesho uje kuishughulikia mashine ukiwa na akili iliyotulia. Haraka haraka haina baraka, na hasa mbele ya kompyuta.

Kwa nini Linux na kadi hukosana

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, nchini Finland. Alikuwa na umri wa miaka 21. Kile alichoandika ni kiini cha mfumo, yaani ile programu inayosimamia vyombo vyote vilivyomo ndani ya kompyuta. Kwenye skrini utakiona kikiitwa "kernel".

Ili kiini kizungumze na chombo chochote, kinahitaji mkalimani. Mkalimani huyo huitwa draiva. Draiva nyingi za kadi za mtandao zimo ndani ya Linux yenyewe, na ndiyo sababu kompyuta nyingi huingia mtandaoni siku ya kwanza bila kuwekewa chochote.

Lakini kadi nyingi za waifai zina akili yao ndogo ya ndani, nazo haziwezi kuamka hadi zipewe programu yao maalumu kila mara kompyuta inapowashwa. Programu hiyo huitwa famwea. Hii ni mali ya kampuni iliyotengeneza kadi, na si kila kampuni huwaruhusu watu wengine waisambaze. Hapo ndipo mambo huharibika. Mkalimani yupo, lakini mgeni mwenyewe hajaamka.

Fikiria maji ya mtaani. Ukifungua mfereji jikoni na usipate maji, huvunji ukuta papo hapo. Utaangalia kama jirani ana maji, kama koki ya nje imefungwa, kama mita inazunguka. Kadi ya mtandao ni vivyo hivyo. Tuanze na jirani.

Anza nje ya kompyuta

Je, simu yako inaingia mtandaoni kwa waifai hiyo hiyo ya nyumbani? Zima data za simu kwanza ili usijidanganye. Ikiwa simu nayo haiingii, basi kosa liko kwenye ruta au kwa anayekuuzia huduma, na kompyuta haina hatia.

Ikiwa unatumia waya, tazama mahali unapochomekwa. Matundu mengi yana taa ndogo, ya kijani au ya rangi ya machungwa. Taa zisipowaka upande wa kompyuta wala upande wa ruta, badilisha waya, kisha badilisha tundu la ruta. Waya uliokanyagwa na kiti kwa mwaka mzima hukatika ndani bila kuonyesha jeraha nje.

Ikiwa unatumia waifai, itazame kompyuta yenyewe. Baadhi ya kompyuta za zamani za ofisi, kama Dell Latitude na ThinkPad za miaka hiyo, zina swichi ndogo ubavuni au mbele ya kuzima na kuwasha waifai. Nyingine zina kitufe cha kibodi chenye picha ya ndege au ya mnara. Mtoto mdogo anaweza kuibonyeza akicheza, na familia nzima ikalala bila mtandao.

Kuna njia ya kuiuliza Linux yenyewe. Fungua dirisha la amri, lile linaloitwa "Terminal", kisha uandike:

rfkill list

Utaona orodha ya vyombo vya mawimbi, na chini ya kila kimoja mistari miwili. Ukiona "Soft blocked: yes", maana yake ni kwamba kadi imefungwa na programu. Ifungue kwa amri hii:

sudo rfkill unblock wifi

Neno "sudo" linaiambia mashine kwamba unatoa amri kama mwenye nyumba, nayo itakuomba neno lako la siri. Usishtuke unapoandika neno hilo na usione herufi zikitokea; ndivyo ilivyo.

Ukiona "Hard blocked: yes", programu haiwezi kukusaidia. Hiyo ni swichi au kitufe, au kufuli iliyowekwa katika mipangilio ya BIOS. Kitafute kwa vidole.

Je, kadi inaonekana?

Sasa tuingie ndani. Andika:

ip link

Kila mtandao una jina lake. "lo" si kadi; ni kompyuta ikijiongelesha yenyewe, basi iache. Jina linaloanza kwa "en", kama enp3s0, ni kadi ya waya. Linaloanza kwa "wl", kama wlp2s0, ni kadi ya waifai.

Wanafunzi wanaosoma vitabu vya zamani watatafuta eth0 na wlan0 na kudhani kadi imepotea. Utaratibu wa majina haya mapya ulianza mwaka wa 2013, nao hutokana na mahali kadi ilipo ndani ya mashine. Kwa hivyo maagizo ya kitabu cha zamani yakisema eth0, wewe weka jina ulilolisoma kwenye skrini yako.

Ikiwa kadi ya waya imo katika orodha lakini kando yake pameandikwa "NO-CARRIER", kadi ni nzima na draiva inafanya kazi. Kinachokosekana ni uhai upande wa pili wa waya. Rudi kwenye waya na ruta.

Ikiwa hakuna jina linaloanza kwa "wl" kabisa, tuiulize mashine ina vyombo gani tumboni:

lspci -nnk

Orodha ndefu itashuka. Tafuta mistari yenye maneno "Network controller" na "Ethernet controller". Katika kila mstari kuna nambari mbili ndani ya mabano ya mraba, zikitenganishwa kwa nukta mbili, kwa mfano 14e4:4315. Ziandike kwenye karatasi. Hizo ndizo kitambulisho cha kadi yako, na hazidanganyi kama kibandiko cha nje. Sehemu ya kwanza ni kampuni: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, na 14e4 ni Broadcom.

Chini ya mstari huo tafuta maneno "Kernel driver in use". Yakiwapo, mkalimani amepatikana na ameanza kazi. Yasipokuwapo, kadi inaonekana lakini haina wa kuisemea.

Na ikiwa kadi haimo hata katika orodha hii? Usilie bado. Zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutolewa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani utaisha, na kadi iliyoduwaa mara nyingine huzinduka. Ingia pia katika BIOS uangalie kama kadi imezimwa huko.

Wale wenye Windows na Linux katika mashine moja wana hila nyingine ya kuangalia. Tangu Windows 8, mfumo huo una mtindo wa kuzima nusu unaoitwa "Fast Startup", ambao huweza kuiacha kadi katika hali ambayo Linux inashindwa kuiamsha. Ingia Windows, uzime mtindo huo, kisha uzime mashine kabisa na kuiwasha tena katika Linux.

Kuamsha kadi iliyolala

Ikiwa kadi inaonekana lakini haifanyi kazi, uliza kama inalilia famwea:

sudo dmesg | grep -i firmware

Ukiona mstari unaosema "failed" na mwisho wake pana "error -2", maana yake ni kwamba draiva imetafuta faili na haikuipata. Hii ni habari njema. Kadi haijafa. Inangoja chakula.

Kwa muda mrefu shida hii ilikuwa kubwa kwa watumiaji wa Debian, kwa sababu mfumo huo ulitolewa bila famwea za kampuni. Mnamo 2022 wanachama wa Debian walipiga kura na kukubali ziwemo katika diski ya kuwekea mfumo, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikaja nazo. Kwa hivyo ikiwa kijana wako aliweka toleo la zamani aliloazima kwa rafiki, huenda dawa ni kuweka toleo jipya tu.

Katika Debian, kadi za Intel huhitaji kifurushi kiitwacho firmware-iwlwifi, na za Realtek huhitaji firmware-realtek. Katika Ubuntu, famwea nyingi zimo ndani ya kifurushi kimoja, linux-firmware.

Broadcom inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowatesa wengi. Kampuni hiyo ilitoa draiva ya wazi kwa baadhi ya kadi zake mwaka wa 2010, lakini si kwa zote. Ndiyo maana dawa iliyomponya rafiki yako inaweza isikuponye wewe. Tazama nambari ulizoandika kwenye karatasi.

Ukiona 14e4:4727, hiyo ni BCM4313. Draiva yake imo ndani ya Linux, na katika Debian kifurushi cha famwea ni firmware-brcm80211.

Ukiona 14e4:4315, hiyo ni BCM4312, iliyowekwa katika kompyuta nyingi za Dell za zamani. Draiva yake ni b43, nayo pia imo, lakini famwea yake haina ruhusa ya kusambazwa. Kifurushi firmware-b43-installer huifuata mtandaoni wakati wa kukiweka. Katika Debian, hakikisha kwanza kwamba neno "contrib" limo katika orodha ya maghala ya programu, ama sivyo kifurushi hakitaonekana.

Ukiona 14e4:4365, hiyo ni BCM43142. Hii haina draiva ya wazi. Inahitaji draiva ya kampuni yenyewe, iitwayo wl. Katika Debian kifurushi ni broadcom-sta-dkms, kilichomo katika ghala la "non-free", na lazima kiandamane na linux-headers-amd64 kwa mashine za kawaida za biti 64. Katika Ubuntu tafuta programu iitwayo "Additional Drivers", na katika Linux Mint "Driver Manager". Zitakuonyesha draiva hiyo uichague.

Usiweke draiva zote kwa pamoja ukitumaini mojawapo itafanya kazi. b43 na wl hugombania kadi moja, na wawili wakigombania usukani gari halifiki.

Jambo jingine kuhusu wl: draiva hii hutengenezwa ndani ya mashine yako wakati wa kuiweka. Kompyuta yenye ulinzi wa "Secure Boot" itaikataa kama mgeni asiye na kitambulisho. Ubuntu hukuomba utunge neno la siri, kisha mashine ikiwaka upya hutokea skrini ya buluu. Wengi huipita haraka. Usiipite. Chagua "Enroll MOK", uandike neno lile lile la siri, na kadi itakubaliwa.

Intaneti ya kuazima

Hapa msomaji makini atauliza: nitaifuataje famwea mtandaoni ilhali mashine haina mtandao? Swali ni la haki. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Jibu limo mfukoni mwako. Chukua simu ya Android na waya wake wa USB. Hakikisha ni waya unaopitisha data, kwa maana nyaya nyingine za bei nafuu hupitisha umeme tu. Unganisha simu na kompyuta, ingia katika mipangilio ya simu sehemu ya kugawa intaneti, uwashe "USB tethering". Kompyuta itaiona simu kama kadi ya waya, na katika "ip link" litazuka jina jipya, aghalabu usb0 au linaloanza kwa enx. Haihitaji famwea yoyote.

Kisha andika, ukitumia kifurushi kinachoifaa kadi yako:

sudo apt update
sudo apt install firmware-brcm80211

Chunga data zako. Kompyuta ikionja intaneti inaweza kuanza kuvuta masasisho makubwa bila kukuuliza, na data ya wiki nzima ikaisha kabla ya chai kupoa. Yakataze, weka kile ulichokusudia tu, chomoa simu, kisha uwashe kompyuta upya.

Kadi iko, lakini haiungi

Wakati mwingine kadi imeamka na draiva ipo, lakini bado hakuna mtandao. Andika:

nmcli device status

Amri hii inaonyesha kila kadi na hali yake. "disconnected" maana yake iko tayari, lakini haijaungwa popote. Chagua waifai yako na uandike neno la siri tena kwa makini, herufi kubwa ziwe kubwa na ndogo ziwe ndogo. "unavailable" maana yake imezimwa, au ina upungufu wa famwea, au waya haujachomekwa; rudi nyuma katika hatua zetu.

"unmanaged" huwachanganya wengi. Maana yake ni kwamba msimamizi wa mtandao ameambiwa asiiguse kadi hiyo. Katika Debian hutokea wakati kadi imeandikwa katika faili /etc/network/interfaces siku ya kuweka mfumo. Fungua faili hilo:

sudo nano /etc/network/interfaces

Weka alama # mwanzoni mwa kila mstari unaoitaja kadi yako, na uiache mistari ya "lo" ilivyo. Hifadhi, kisha andika:

sudo systemctl restart NetworkManager

Ikiwa simu inaiona waifai ya nyumbani lakini kompyuta inaona za majirani tu, huenda kadi ni ya zamani na inasikia mawimbi ya 2.4GHz peke yake, ilhali ruta inatangaza kwa 5GHz. Ingia katika mipangilio ya ruta uwashe 2.4GHz pia.

Nambari ya nyumba na jina la mtaa

Sasa kompyuta inasema imeungwa, lakini kurasa hazifunguki. Andika "ip address" na utafute mstari wenye neno "inet" chini ya kadi yako. Nyumbani, ruta hugawa anwani kama mtunza ploti anavyogawa nambari za nyumba, na aghalabu huanza kwa 192.168. Ikiwa hakuna anwani kabisa, au inaanza kwa 169.254, ruta haikujibu, na kompyuta ni kama mpangaji aliyejipa nambari ya nyumba mwenyewe. Zima ruta, uiwashe, uunge upya.

Ikiwa anwani ipo, piga hodi kwa hatua. Andika "ip route" na usome nambari inayofuata maneno "default via". Hiyo ndiyo ruta yako. Ibishie hodi, tuseme ni 192.168.1.1:

ping -c 3 192.168.1.1

Ikijibu, toka nje ya ploti:

ping -c 3 1.1.1.1

Ruta ikijibu na hii isijibu, aghalabu kosa liko nje ya nyumba yako. Pengine hujalipia huduma. Zote mbili zikijibu lakini kurasa zisifunguke, basi kompyuta inajua nambari lakini haijui majina. Kazi ya kugeuza majina kuwa nambari huitwa DNS. Katika mipangilio ya mtandao, sehemu ya IPv4, andika 1.1.1.1 au 8.8.8.8 mahali pa DNS, uzime na kuwasha muunganisho.

Mwanafunzi aliye chuoni akumbuke pia kwamba waifai nyingi za vyuo na mikahawa haziruhusu kitu hadi ufungue kivinjari na kujaza jina lako katika ukurasa wa kuingilia. Kadi haina kosa hapo.

Saa ya kompyuta

Kuna ugonjwa mwingine wa kompyuta zilizotumika. Ping inajibu, lakini kila ukurasa unaleta onyo kwamba si salama. Tazama tarehe. Betri ndogo ya saa iliyo ndani ya mashine, ambayo katika kompyuta nyingi ni ile ya mviringo ya CR2032, ikiisha, kompyuta hurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa. Kurasa za siku hizi huthibitishwa kwa vyeti vyenye tarehe, na kompyuta inayodhani ni mwaka wa 2010 itavikataa vyote. Rekebisha tarehe, ukurasa utafunguka hapo hapo. Kisha ununue betri mpya. Si kitu cha kuuzia mbuzi.

Na ikiwa mtandao ulikuwa mzima jana, ukafa leo baada ya kusasisha mfumo, washa upya na katika orodha ya mwanzo uchague "Advanced options", kisha kiini cha awali. Mtandao ukirudi, umejua kwamba mgonjwa ni draiva wala si kadi. Kadi zinazotumia wl hupatwa na hili mara kwa mara.

Kama kweli imekufa

Kadi hufa, msomaji, hilo hatulikani. Ikiwa lspci haioni kadi hata baada ya kuimaliza umeme na kukagua BIOS, na Windows nayo haiioni, basi fundi alisema kweli. Lakini bado una la kuchagua.

Kadi ya ndani si lazima. Kijiti cha waifai cha USB kinatosha kwa mwanafunzi. Kosa ni kununua kwa kutazama rangi na bei. Uliza kina chipu gani. Chipu za AR9271 na MT7601U zina draiva ndani ya Linux. Chipu nyingine, hasa baadhi za Realtek, hukulazimisha kutafuta draiva za pembeni. Muuzaji asipojua chipu, mwombe akijaribu kwenye mashine yako kabla ya kulipa.

Na ikiwa unataka ya ndani, jua kwamba baadhi ya kompyuta za HP na ThinkPad za zamani zina orodha ya kadi zinazokubaliwa, na hukataa kuwaka zikiwekewa kadi ngeni. Mwulize fundi jambo hilo kabla hajafungua parafujo.

Ukienda kwake, nenda na karatasi yenye mambo matatu: nambari za kitambulisho cha kadi, kama kuna draiva inayotumika, na kile dmesg ilichosema kuhusu famwea. Fundi mwema atafurahi, kwani umempunguzia kazi. Asiye mwema atajua kwamba mwenye mashine anaijua mashine yake.

Zaidi ya yote, mwache kijana akae kwenye kibodi na wewe umsomee hatua. Atakapofika chuoni hatakuwa na mzazi wala fundi chumbani, na wenzake wataanza kubisha mlango wake kuomba msaada.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia namna ya kuhifadhi kazi za shule ili diski ikifa zisife nayo. Hadi wakati huo, nawatakia juma jema.